Kupaka rangi na kumalizia modeli za ndege za Kisovieti za 1941–1945: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaounda modeli za plastiki, hasa za skeli 1/72 na 1/48 (modeli ndogo mara 72 au 48 kuliko ndege halisi), za ndege zilizotumiwa na jeshi la anga la Kisovieti tangu Juni 1941 hadi mwisho wa vita. Jambo moja linajitokeza karibu katika kila jibu: kabla ya kufungua kopo la rangi, jua ndege yako ilijengwa kwa kitu gani. Mbao, kitambaa, alumini na chuma cha deraya havichakai kwa namna moja, na katika ndege hizi vyote vinne vinaweza kukutana kwenye mwili mmoja.

Kwa nini mnasisitiza mbao? Ndege ya vita si ya chuma?

Nyingi hazikuwa za chuma. Alumini ilikuwa adimu, misitu ilikuwa tele. LaGG-3 na La-5, ndege za kupambana angani kama Yak na MiG zinazofuata, zilikuwa za mbao karibu mwili mzima: tabaka nyembamba za plaiwudi ya betula zilizogandishwa kwa gundi, juu yake kitambaa, fila (uji wa kuziba na kusawazisha) na rangi. Metali ilibaki kwenye kifuniko cha injini na mifupa ya sehemu zinazocheza, na sehemu hizo nazo zilivalishwa kitambaa. Yak-1 ilikuwa na kiunzi cha mabomba ya chuma. Mbele ilifunikwa kwa paneli za alumini zinazofunguka, nyuma kwa kitambaa, na bawa lilikuwa moja la mbao kutoka ncha hadi ncha. MiG-3 ilikuwa metali mbele na mbao nyuma. Pe-2, ndege ya mabomu, ilikuwa metali yote, ribiti kila mahali. Il-2, ndege ya kushambulia ardhini, ndiyo yenye mchanganyiko mkubwa zaidi: mbele ni sanduku la chuma cha deraya lililozunguka injini na rubani, nyuma ni mbao, na mabawa ya nje yalikuwa ya metali au ya mbao kulingana na kiwanda na kipindi.

Kwa mpakaji rangi hii ina maana tatu. Bawa la La-5 au la Yak halina mistari ya paneli wala ribiti isipokuwa kwenye vifuniko vya ukaguzi, vya bunduki na vya matangi. Modeli ya boksi la zamani yenye mistari ya ziada izibwe kwa fila au gundi ya haraka, kisha msasa namba 600, 1000 na 2000, kwa mpangilio huo. Pili, bawa hilo halichubuki likaonyesha rangi ya fedha. Tatu, uso wake ni laini na mkavu, hauna vivuli vya ribiti, kwa hiyo uhai wa modeli utatoka kwenye kupauka kwa rangi na viraka.

Viraka havikuwa jambo dogo. Mwanzoni mwa Juni 1943, wiki chache kabla ya mapigano makubwa ya Kursk, Urusi, magamba ya kitambaa kwenye mabawa ya Yak-9 yalianza kupasuka na kubanduka. Chanzo kilikuwa rangi na laka za sululosi za ubora duni zilizotumika kama mbadala. Stalin mwenyewe aliwaita wakuu wa viwanda vya ndege kuwauliza. Vikundi vya mafundi vilitumwa viwanjani kukarabati mabawa kabla vita havijaanza. Ukitaka kuonyesha hilo kwenye Yak ya kiangazi cha 1943, kata matundu ya mstatili kwenye tepu ya kuzibia, puliza ndani yake kijani kilichozidi kidogo ung'avu, basi. Viraka viwili au vitatu kwa bawa vinatosha.

AMT na A ni nini? Kwa nini rangi moja ina majina mawili?

AMT ni rangi za sululosi zisizong'aa, zilizotengenezwa kwa mbao na kitambaa. Zenye A na m mwishoni ni rangi za mafuta kwa sehemu za metali. Jozi zinazokuhusu ni hizi: kijani AMT-4 na A-24m, nyeusi AMT-6 na A-26m, buluu ya chini AMT-7 na A-28m, kahawia hafifu AMT-1 na A-21m, kijivu-buluu AMT-11 na A-33m, kijivu cheusi AMT-12 na A-32m.

Jozi zilikusudiwa kufanana, ila hazikuzeeka sawa. Ndiyo sababu kwenye picha za Yak-1 unaona paneli za injini zina kivuli tofauti kidogo na nyuma ya kiwiliwili. Kwenye modeli, ongeza matone mawili ya rangi nyeupe au ya mchanga kwenye kikombe unapopuliza sehemu za kitambaa. Tofauti iwe ile unayoiona ukitazama mara ya pili. Ikionekana mara ya kwanza umezidisha.

Kabla ya AMT zilikuwepo rangi za AII, zenye kung'aa zaidi. I-16 au I-153 ya kijani juu na buluu chini mwanzoni mwa vita inastahili mng'ao kidogo, si ukavu wa chaki.

Ndege yangu ni ya mwaka fulani. Nipake mabaka gani ya kuificha?

Kuanzia Juni 1941 agizo lilikuwa kijani na nyeusi juu, buluu chini. Hili ndilo vazi la LaGG-3, MiG-3, Yak-1, La-5 za mwanzo na Il-2 za miaka miwili ya kwanza. Julai 1943 agizo likabadilika: ndege za kupambana angani zikapewa kijivu mbili, AMT-11 na AMT-12, na buluu chini, ndege za mabomu na za kushambulia ardhini zikapewa rangi tatu juu, yaani kahawia hafifu, kijani na kijivu cheusi.

Kosa la kawaida ni kupaka ndege ya Kursk kijivu mbili. Mapigano yalianza tarehe 5 Julai 1943, siku chache tu baada ya agizo. Ndege zilizokuwa vitani zilikuwa zimetoka kiwandani zamani, zikiwa kijani na nyeusi. Kijivu mbili ni vazi la La-5FN za baadaye, La-7, Yak-3 na Yak-9 za 1944 na 1945.

Umbo la mabaka lilifuata ruwaza ya kiwanda. La-5 nyingi zilitoka Gorky, kiwanda namba 21. Yak-1 zilitoka Saratov, namba 292. Yak-9 za Novosibirsk zilitoka namba 153. Ukipata picha ya upande mmoja wa ndege yako, usibuni upande wa pili kichwani: tafuta ndege nyingine ya kiwanda hichohicho na kipindi hichohicho, uige.

Kijivu zangu mbili zinaonekana buluu kama ndege ya majini. Nimekosea wapi?

Umeamini jina. AMT-11 inaitwa kijivu-buluu, na baadhi ya rangi za dukani zinaipeleka mbali kwenye buluu. Jua na mvua ziliivuta kuelekea kijivu. AMT-12 ni kijivu cheusi chenye baridi kidogo, si buluu ya bahari. Puliza zote mbili kwenye kijiko cha plastiki, ziache zikauke usiku mzima, kisha zitazame mchana karibu na dirisha. Mkononi, kwa urefu wa mkono ulionyooka, mpaka kati yake uonekane wazi lakini usipige kelele. Ikiwa AMT-11 bado ni buluu, tia kijivu cha kati, tone kwa tone, hadi sehemu moja kwa tano.

Nyeusi nayo ina tatizo lake. AMT-6 ikipakwa kama nyeusi halisi kwenye 1/72 inakula maumbo yote. Tumia nyeusi iliyopauka, mfano Tamiya XF-69 au XF-85, na kwa 1/72 ongeza tena kijani kidogo cha AMT-4 uliyoitumia jirani yake. Hii inafunga rangi mbili pamoja.

Ninunue rangi zipi?

Kama unapata AKAN, AK Real Colors au MRP, zina AMT zilizochanganywa tayari, na kwa kijani na kijivu mbili ni bora kununua kuliko kukisia. Kwa buluu ya chini unaweza kuanza na Tamiya XF-23 sehemu tatu na nyeupe XF-2 sehemu moja, halafu ulinganishe.

Kwa mtu wa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar swali kubwa ni usafirishaji. Laka na rangi za mafuta ni vimiminika vinavyowaka, na wabebaji wengi wa vifurushi vya ndege huvikataa. Akriliki za maji kama Vallejo hupita kwa urahisi zaidi. Thina ya magari inayouzwa kwa lita kwenye maduka ya rangi itumie kusafishia chuma cha eabrashi (kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa) tu; aina nyingi zinayeyusha plastiki au kuacha rangi ina nyufa.

Sina eabrashi. Naweza kupaka kwa brashi ya mkono?

Ndiyo, na kuna ndege zinazokupendelea. Po-2, ile ya plaiwudi na kitambaa iliyorushwa usiku na wanawake wa kikosi cha 46 cha Walinzi, inapendeza kwa mkono. Rangi nyeupe ya majira ya baridi nayo ilipakwa uwanjani kwa brashi, kwa hiyo mistari ya brashi ni kweli yenyewe.

Tumia brashi bapa ya upana wa milimita 8 hadi 10, ya nyuzi laini za sintetiki. Punguza Vallejo kwa maji sehemu moja kwa rangi sehemu tatu, weka tabaka tatu au nne nyembamba, kila moja ikielekea upande mmoja, na uache angalau saa moja kati ya tabaka. Usirudi kwenye sehemu iliyoanza kukauka. Hapo ndipo brashi huvuta ngozi ya rangi na kuacha matuta ambayo msasa hautayaondoa bila kufika kwenye plastiki. Praima, yaani rangi ya msingi, ni lazima, ya kopo la kupuliza.

Nipe hatua za kupuliza mabaka ya kijani na nyeusi, tangu plastiki tupu.

Mfano wetu ni La-5 ya 1/48, ambayo kampuni ya Zvezda huitoa kwa bei inayovumilika.

Osha fremu za plastiki zinazoshikilia vipande kwa maji ya uvuguvugu na matone ya sabuni ya vyombo. Mafuta ya kiwandani ndiyo hufanya rangi ibanduke na tepu. Unda ndege, ziba viungo, kisha puliza praima ya kijivu. Mr. Surfacer 1500 sehemu moja kwa thina yake sehemu moja na nusu hadi mbili inakwenda vizuri. Ikikauka, pitisha msasa 2000 wenye maji kwa mkono mwepesi.

Eabrashi iwe na tundu la milimita 0.2 au 0.3, shinikizo psi 15 hadi 18, yaani takribani bar 1 hadi 1.2. Akriliki za Tamiya zipunguzwe kwa thina yake, sehemu moja ya rangi kwa sehemu moja ya thina, au kwa sehemu moja na nusu ya thina unapofanya mipaka ya mabaka.

Anza chini na AMT-7. Tabaka mbili nyembamba, saa 24 kukauka, kisha ziba. Mpaka kati ya buluu na rangi za juu kwenye La-5 mara nyingi unafuata chini ya kiwiliwili na ukingo wa mbele wa bawa, kwa hiyo tepu nyembamba ya milimita 2 inafaa kwa mkunjo huo. Puliza kijani juu yote. Ndani ya nusu saa, kabla hujatoa eabrashi mkononi, ongeza matone machache ya manjano-mchanga kwenye kijani kilichobaki na upitishe katikati ya maeneo makubwa na juu ya vibawa vya kitambaa. Usifuate mistari ya paneli, kwa sababu bawa hili halina.

Sasa nyeusi. Viringisha Blu Tack (udongo laini wa kubandikia) iwe uzi wa milimita 2 hadi 3, iweke juu ya mpaka wa kila baka na ujaze ndani ya kijani kwa tepu. Eabrashi isimame wima juu ya uzi. Ukiinamisha kuelekea chini ya uzi, rangi inaingia chini yake na mpaka unakuwa mpana kupita kiasi: milimita 2 kwenye 1/48 ni karibu sentimita 10 kwenye ndege halisi, na hapo ndipo ukomo wa mpaka laini wa kiwandani. Picha zinaonyesha pia ndege zenye mipaka mikali. Usichanganye aina mbili kwenye ndege moja bila sababu.

Ondoa tepu baada ya dakika 20 hadi 30, ukiikunja juu yake yenyewe badala ya kuivuta wima.

Rangi imetoka na vipele, au imekuwa na ukungu mweupe. Nini kimetokea?

Vipele na hisia ya msasa ni rangi iliyokauka hewani kabla ya kufika. Umesimama mbali mno, shinikizo ni kubwa, au rangi ni nzito. Sogea hadi sentimita 5, punguza shinikizo, ongeza thina. Rangi ikitambaa na kujitenga kwenye vijito, basi ni kinyume chake: nyepesi mno na uko karibu mno.

Ukungu mweupe kwenye laka ni unyevunyevu. Thina inapovukiza haraka, inapoza uso, na maji ya hewa yanashika juu ya rangi mbichi. Pwani hili ni tatizo la kila masika. Puliza mchana kavu, tumia thina ya kuchelewesha kukauka badala ya thina ya haraka, na funga chujio la maji kwenye bomba la kompresa. Tabaka iliyokwisha kupata ukungu mara nyingi huokolewa kwa kupuliza thina ya kuchelewesha peke yake, nyepesi, siku hewa ikiwa kavu. Laka ya Mr. Color na ndugu zake ina mvuke mbaya kwa mapafu: barakoa yenye chujio la mvuke wa kikaboni na dirisha wazi si hiari.

Chumba cha rubani kiwe rangi gani?

Kwa metali na mabomba ya chuma, kijivu-buluu cha A-14 ni chaguo salama, hasa kwa ndege za 1942 na kuendelea. Paneli ya saa ni nyeusi. Praima ya metali ya manjano-kijani, ALG-1, ilibaki wazi kwenye baadhi ya sehemu za ndani. Rangi ya kijani cha Kimarekani usiiguse kwa ndege ya Kisovieti. Hiyo ni ya P-39, ndege ya msaada kutoka Marekani.

Paka kijivu, kisha kwa brashi kavu yenye kijivu kilichochanganywa na nyeupe gusa kingo tu. Osho, yaani rangi ya mafuta iliyopunguzwa sana, kahawia iliyokoza, lipite kwenye pembe. Mikanda ya kiti iwe kaki iliyopauka. Kwenye 1/72 hapo pametosha; kioo kikifungwa haionekani zaidi.

Kioo cha kanopi kimepata ukungu baada ya kugundisha.

Ni gundi ya haraka. Mvuke wake unakaa ndani ya kioo na hautoki. Kanopi igundishwe kwa gundi nyeupe ya maji au gundi ya uwazi ya modeli, na kabla ya hapo ichovye kwenye vanishi ya akriliki yenye kung'aa, iache ikauke saa 24 chini ya kikombe kilichofunikwa.

Fremu puliza mara mbili: kwanza kijivu cha ndani, kisha rangi ya nje, ili anayechungulia ndani aone kijivu. Vioo vya plastiki vya Kisovieti vilikuwa vikigeuka manjano. Tone moja la manjano ya uwazi kwenye kijiko cha vanishi, likipakwa kwenye kanopi ya ndege iliyokaa vitani muda mrefu, linaonyesha hilo kwa unyenyekevu.

Nyota ziwekwe wapi, na za aina gani?

Tangu katikati ya 1941 nyota za juu ya mabawa ziliondolewa. Zibaki chini ya mabawa, ubavuni na kwenye mkia. Hadi 1943 nyota ilikuwa nyekundu tupu au yenye ukingo mwembamba mweusi. Nusu ya pili ya 1943 ikaja nyota yenye ukingo mweupe na mstari mwembamba mwekundu nje yake. Ndege za zamani zilipakwa upya uwanjani, kwa hiyo Yak-1 ya kijani na nyeusi yenye ukingo mweupe si kosa. La-7 yenye nyota tupu bila ukingo ndiyo inayohitaji picha kuithibitisha.

Kwa marubani mashuhuri, angalia picha kabla ya kuamini karatasi ya dekali, yaani alama za kubandika kwa maji. La-7 namba 27 ya Ivan Kozhedub ipo hadi leo kwenye jumba la makumbusho la Monino, karibu na Moscow, lakini ndege ya makumbusho imepakwa upya zaidi ya mara moja. Itumie kwa umbo, siyo kwa kivuli cha rangi.

Dekali zinaonyesha rangi ya fedha chini yake.

Ni hewa iliyonaswa. Rangi isiyong'aa ina uso wenye vinundu, na dekali inakaa juu ya vinundu. Kabla ya dekali weka vanishi ya kung'aa, tabaka mbili nyepesi, uache siku nzima. Loweka dekali sekunde 20 hadi 30 kwenye maji ya uvuguvugu, weka Micro Set (kimiminika cha kushikisha dekali) chini yake, ipange, kamua maji kwa kitambaa kilicholowa kidogo, kisha Micro Sol (cha kuilainisha) juu. Itakunjamana. Usiiguse; itajinyoosha yenyewe.

Fedha ikishatokea, choma kwa ncha ya sindano mara kadhaa palipo na hewa na rudia Micro Sol. Nyota nyekundu juu ya kijani ina hatari nyingine: wino mwepesi unaruhusu mpaka wa mabaka kuonekana kupitia nyekundu. Suluhisho la kudumu ni kinyago cha kukatwa na kupuliza nyota, nyeupe kwanza, kisha nyekundu. Kazi ni ndefu, ila nyota iliyopulizwa ina unene ule wa rangi halisi ambao dekali haitakupa.

Nifanyeje rangi nyeupe ya majira ya baridi?

Nyeupe hii, MK-7, ilikuwa rangi ya muda, iliyokusudiwa kuoshwa theluji ikiyeyuka. Ilipakwa juu ya mabaka, mara nyingi kuzunguka nyota na namba bila kuzifunika. Uso wake wenye mikwaruzo ulipunguza kasi, na ilichakaa haraka nyuma ya propela, penye kukanyagwa na kando ya vifuniko vya mafuta.

Maliza mabaka na dekali, weka vanishi ya kung'aa, subiri saa 48. Puliza spreyi ya nywele, ile ya duka lolote la vipodozi, tabaka mbili nyepesi, uache dakika 15 hadi 30. Kisha Tamiya XF-2 iliyopunguzwa kwa maji badala ya thina yake, tabaka nyembamba zisizolingana, na kijani kionekane kupitia baadhi ya sehemu. Usisubiri kesho. Ndani ya saa moja lowesha sehemu ndogo kwa maji, subiri nusu dakika, sugua kwa brashi ngumu iliyofupishwa. Maji yanayeyusha spreyi na nyeupe inatoka vipande vidogovidogo. Sehemu iliyotoka zaidi ya ulivyotaka huwezi kuirudisha bila kuonekana. Anza kwenye bawa dogo la mkia, mahali pasipoonekana sana, ujue mkono wako una nguvu gani.

Laka haitoki kwa njia hii, kwa sababu haipitishi maji. Vallejo inatoka kwa ngozi kubwa badala ya chembe, na inaharibu ukubwa wa mikwaruzo. Hapo ndipo wengi huanza kulaumu spreyi.

Kuchubuka: wapi fedha, wapi hapana?

Fedha kwenye alumini pekee: kingo za vifuniko vya injini vinavyofunguliwa kila siku, skrubu zao, na kwa Pe-2 au P-39 mzizi wa bawa. Tumia kipande cha sponji, chovya, futa kwenye karatasi hadi karibu kikauke, gusa. Chembe kubwa kuliko nusu milimita kwenye 1/48 ni tambara.

Il-2 mbele ni chuma cha deraya. Rangi yake ikitoka, kinachoonekana ni kijivu cheusi chenye kahawia. Tumia rangi ya chuma iliyochanganywa na kahawia iliyokoza, kwenye ncha za skrubu kubwa na kingo za paneli za deraya. Zilijengwa zaidi ya 36,000, na mara nyingi modeli yake huonekana imenyunyiziwa fedha kama Boeing. Ondoa desturi hiyo kwenye benchi lako.

Kwenye mbao rangi hupauka, hupasuka na kukwaruzika hadi fila ya kijivu-manjano. Kwenye bawa la Yak, pale rubani alipokanyaga kupanda, piga chembe za kijivu-manjano hizo kisha kahawia hafifu ndani yake. Kwenye kitambaa hakuna kuchubuka. Kuna kupauka na mbavu zinazoonekana kidogo. Ziangaze kwa kupuliza rangi iliyoongezwa nyeupe asilimia 10, kati ya mbavu, si juu yake.

Masizi, oili na tope?

Petroli yenye madini ya risasi iliacha majivu ya kijivu-kahawia katikati ya alama ya moshi, na weusi kwenye kingo. Kwa hiyo puliza kahawia-nyeusi kwanza, ndefu na nyembamba, kisha kijivu cha mchanga katikati yake. Yak na LaGG-3 zenye injini ya M-105 zina mabomba mafupi kila upande. Alama inafuata mtiririko wa hewa na kupanda kidogo juu ya bawa. La-5 na La-5F zilikusanya moshi kwenye tundu moja kila upande, lakini La-5FN ilikuwa na mabomba mengi yaliyojipanga, na alama yake ni pana zaidi. Hii ni njia mojawapo ya kuzitofautisha hata kwenye skeli ndogo.

Oili ilitiririka tumboni. Mistari mitatu hadi mitano ya kahawia-nyeusi ya rangi ya mafuta, iliyovutwa nyuma kwa brashi yenye tapentaini kidogo, inatosha. Tope linafaa kwa viwanja vya udongo wakati theluji inayeyuka: unga wa pastel na tapentaini kwenye magurudumu, chini ya vibawa vya kutua na tumbo la nyuma. Wakati wa kiangazi liwe vumbi la kijivu-kahawia, si jekundu. Udongo mwekundu wa kwetu haupo Kursk.

P-39 na Hurricane, za msaada wa Marekani na Uingereza, zinafuata kanuni hizi?

Hapana, zilikuja na rangi zao. P-39, zilizopelekwa zaidi ya 4,500, zilikuwa kijani-zeituni juu na kijivu chini, metali yote, na zinastahili fedha pale zinapochubuka. Nyingi zilifika zikiwa na nyota nyekundu kwenye duara jeupe, na baadaye baadhi ya duara zikafunikwa kwa rangi ya kienyeji. Baka hilo la kijani tofauti kuzunguka nyota ni la kuigwa. Hurricane ilikuwa na rangi za Uingereza, alama za duara zimefunikwa na nyota, na nyuma ya kiwiliwili ni kitambaa.

Vanishi ya mwisho iwe kavu kabisa?

Kwa ndege za kijani na nyeusi za 1941–1943, ndiyo, kavu. Kwa Yak-3 na La-7 za 1944 na 1945 weka nusu mng'ao: vanishi isiyong'aa sehemu mbili, ya kung'aa sehemu moja. Alama za oili zisipitiwe na vanishi kavu, ziwekwe mwisho, zibaki na unyevu wake.

Waya wa antena?

Nyosha kipande cha fremu ya plastiki iliyoshikilia vipande juu ya mshumaa hadi iwe uzi, au tumia uzi wa elastiki wa milimita 0.05 hadi 0.1. Angalia kwanza kama ndege yako ilikuwa na redio: nyingi za mwanzo wa vita hazikuwa nayo, na mlingoti wake haukuwekwa.